Mchonga Vitana na Boriti za Msaji

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Wasiti, kule Iraki, palikuwa na mchonga vitana aliyeitwa Zuhairi bin Asimu. Hakuwa mwanachuoni wala mtu wa kutajwa mimbarini. Alikuwa fundi, mwenye kuhifadhi sala zake na kuchunga ulimi wake, na vitana vyake vilipendwa sokoni kwa sababu meno yake yalikuwa laini na hayakung'oa nywele.

Yeye na mkewe, Umaima, walipanga chumba kimoja nyuma ya mtaa wa watengeneza ngozi. Anayeujua mtaa wa namna hiyo hahitaji kuelezwa. Ngozi mbichi huloweshwa kwa chokaa na mavi ya njiwa, na harufu yake huingia nguoni, ikaingia katika mkate, ikaingia kifuani. Umaima alikuwa na kifua kibovu. Kila msimu wa baridi kikohozi kilimshika hata asiweze kulala isipokuwa ameegemea ukuta. Tabibu mmoja mwenye insafu alikataa kupokea ujira wake, akamwambia Zuhairi kwamba majani anayoyachemsha hayatafaa kitu madamu mgonjwa anavuta hewa ile, na kwamba dawa ya kwanza ni kuhama.

Zuhairi alikuwa ameweka akiba kwa miaka kumi na moja. Umaima alipoongeza bangili zake mbili za fedha, walipata dirhamu mia nne na themanini, na hawakuwa na mahali pengine pa kutoa hata moja.

Basi alikuwapo dalali wa nyumba aliyeitwa Shabibu, mtu mwepesi wa maneno, akila ujira wa muuzaji na wa mnunuzi pamoja. Huyu ndiye aliyempeleka Zuhairi kwenye nyumba ya Bi Lubaba, mama mtu mzima aliyefiwa na mumewe, katika uchochoro mmoja upande wa juu wa mji, mahali ambapo upepo wa mto Dijla hufika kabla haujapita kwenye ngozi. Ilikuwa nyumba ndogo: vyumba viwili, jiko, ua wenye mkomamanga mmoja, na kisima cha kushirikiana na jirani. Bi Lubaba aliwafungulia mlango, akawaeleza pasipo kuulizwa kwamba ukuta wa kaskazini hupata unyevu mto unapojaa, na kwamba maji ya kisima hupungua miezi ya joto. Bei yake ilikuwa dirhamu mia sita.

Shabibu alikwisha kumfunza Zuhairi njiani namna ya kununua. Alimwambia asiisifu nyumba, asitabasamu, na akiona kizuri apite kama hakukiona. Zuhairi alimsikiliza, lakini alipoingia jikoni peke yake aliinua macho kwa mazoea ya mtu wa mbao. Paa lilikuwa chini, na boriti zake saba zilikuwa nyeusi tititi kwa masizi ya miaka mingi. Alitoa kisu chake kidogo cha kazi, akakwangua boriti moja kiasi cha ukucha. Chini ya masizi mbao ilikuwa ya rangi ya asali iliyoiva. Akanusa kidole chake, akaijua mara moja.

Ulikuwa msaji. Msaji wa Bara Hindi, ule unaoletwa kwa safari ya miezi na kununuliwa na matajiri kwa ajili ya milango ya majumba yao, ambao mchwa hawauli wala maji hayauozeshi. Alitazama boriti ya pili na ya tatu, kisha akapita vyumba vyote viwili. Zote saba zilivuka nyumba nzima, ukuta kwa ukuta, na zote zilikuwa msaji. Aliyeijenga nyumba ile hapo kale huenda alizipata kwenye jumba lililobomolewa. Hakuna aliyejua, na nyumba ilikuwa imeuzwa mara mbili tangu siku hizo.

Walipokaa uani kuzungumza bei, Zuhairi alitaja mia nne. Bi Lubaba alishuka hadi mia tano na hamsini, akasema hapo ndipo alipofika. Ndipo Shabibu akalidharau paa. Alisema ni magogo ya mtende ya zamani, yameshakula umri wake, na mnunuzi itambidi aezue yote kabla ya miaka mitatu. Bi Lubaba alimgeukia Zuhairi, akamuuliza yeye kama fundi, je, ni kweli paa ni bovu kiasi hicho? Zuhairi hakujibu. Aliinua uso akalitazama paa kwa mlangoni, kisha akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikitika.

Bi Lubaba akasema mia nne na themanini, kwa kuwa na yeye alikuwa na safari mbele yake. Wakaafikiana kwamba siku ya Jumatatu watakwenda kufunga akdi ya mauzo mbele ya mashahidi, na fedha zikabidhiwe siku hiyo.

Zuhairi alirudi nyumbani akamweleza Umaima kuhusu ua, mkomamanga na upepo. Hakumweleza kuhusu boriti. Umaima alicheka, jambo ambalo hakulifanya tangu mvua za kwanza, akaanza kuhesabu vyombo vya kubeba na vya kuacha. Usingizi wa Zuhairi, hata hivyo, ulikuwa wa mang'amung'amu.

Siku ya Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, alimfuata Sheikh Ayashi, aliyekuwa akisomesha fiqhi katika msikiti wa mtaa wa vinyozi. Alimuuliza juu ya mtu anayenunua kitu, naye anajua thamani yake kuliko anavyoijua mwenyewe muuzaji. Je, analazimika kumwambia?

Sheikh alimjibu kwamba muuzaji ndiye anayelazimika kufichua kasoro ya anachokiuza. Ama mnunuzi, wanachuoni wengi hawamlazimishi kumfundisha muuzaji bei ya mali yake, madamu hakumdanganya. Kisha akafungua kitabu chake akaendelea kusoma. Alipogeuza ukurasa akamwona Zuhairi bado amekaa palepale.

"Nimekujibu," akasema. "Mbona huinuki?"

"Sijui, sheikh."

Sheikh akakifunga kitabu. "Katika mazungumzo yenu, yupo aliyekitaja kitu hicho kinyume na kilivyo?"

"Yupo. Dalali."

"Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema neno. Nilitikisa kichwa tu."

"Ulitikisa vipi?"

Zuhairi akatikisa kichwa kama alivyofanya uani. Sheikh Ayashi akamwambia, "Basi ulisema. Na bei ilishuka baada ya hapo au kabla?"

"Baada," akasema Zuhairi, na hapo ndipo alipoinuka.

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi uchochoroni, akabisha, na Bi Lubaba alipofungua mlango akabaki kizingitini, kwa sababu alihisi hastahili kuingia. Akamwambia, "Mama, boriti za nyumba hii si za mtende. Ni msaji. Nilizijua siku ile ile nilipoingia jikoni, na uliponiuliza nikakuficha. Nisamehe."

Bi Lubaba alidhani kwanza anataniwa. Zuhairi akaomba ruhusa, akapanda juu ya kinu kilichofudikizwa, akaikwangua boriti kwa urefu wa dhiraa moja mpaka mbao ikang'aa na jiko likajaa harufu yake. Bi Lubaba alisogea akaigusa. Akamuuliza inaweza kuwa na thamani gani. Zuhairi alimwambia kweli yote: zote saba, kwa ukubwa ule, hazipungui dirhamu mia tatu kwa mfanyabiashara mwenye insafu.

Bibi akakaa kwenye kizingiti cha jiko. Kisha akasema:

"Mwanangu, laiti nyumba hii ingekuwa yangu, ningekuachia kwa bei tuliyoafikiana, na dua juu yake. Lakini si yangu. Ni ya watoto watatu wa mwanangu aliyefariki. Mimi ni msimamizi wao tu. Siwezi kuwa mkarimu kwa mali ya yatima."

Zuhairi hakuwa amelijua hilo. Shabibu hakumwambia, na yeye hakuuliza. Aliogopa, kwa maana aliijua, kama anavyoijua kila Mwislamu, ile Aya inayowataja wenye kula mali ya yatima kwa dhuluma, na moto wanaoula matumboni mwao. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu kabla ya Jumatatu.

"Umesema kweli, mama," akajibu.

Bi Lubaba akamwambia kwamba sasa bei ni mia saba na themanini, na kwamba atamngojea yeye kwanza hadi mwisho wa mwezi, asimuuzie mwingine, kwani si vizuri mtu kununua juu ya ununuzi wa ndugu yake. Zuhairi alimshukuru, akamwomba asimngojee. Hata angengoja mwaka, hakuwa na mahali pa kuzipata dirhamu mia tatu.

Nyumbani, Umaima alikuwa amekwisha kufunga sufuria mbili katika jamvi. Zuhairi alimsimulia yote bila kujipamba, hata kule kutikisa kichwa. Umaima alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kulifungua jamvi.

"Ungeniambia kabla hujaenda," akasema.

"Ningekuambia, ungesema nini?"

"Ningesema nenda. Lakini nilitaka kulisema mwenyewe. Kifua ni changu."

Zuhairi akamsaidia kuzirudisha sufuria mahali pake.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Umaima alikohoa mpaka akakonda, na Zuhairi akawa anachonga vitana vyake kando ya kitanda, ili aweze kumwinua kikohozi kinapomshika. Habari za boriti zilienea sokoni, na Shabibu, aliyekosa ujira wake pande zote mbili, alimpitia dukani akamwambia, "Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akiiharibu nyumba asiyoimiliki." Watu walicheka. Zuhairi naye akatabasamu kidogo, kwa sababu lilikuwa neno la kuchekesha, lakini lilimchoma.

Msidhani, ndugu zangu, kwamba mja huyu alikaa akiuonja utamu wa ukweli wake. Hakuuonja. Alimwendea Sheikh Ayashi akamwungamia kwamba kila mkewe anapokohoa, nafsi yake humwambia kuwa angeweza kunyamaza. Alisema alitaraji atakuta raha moyoni, lakini hakuipata. Sheikh akamwuliza, "Nani alikuahidi raha?" Kisha akamwombea dua, na tangu siku ile akawa anampelekea asali ya mgonjwa kila Ijumaa, bila kulirudia neno lile tena.

Na Bi Lubaba naye hakuwa katika hali njema. Wenye kuweza kutoa mia saba na themanini hawakutaka kukaa katika uchochoro ule, na waliotaka kukaa pale hawakuwa na fedha hizo. Msafara wa Mosuli, uliokuwa umchukue yeye na wajukuu zake kwa mjomba wao, uliondoka bila wao. Wakati mmoja Shabibu alimletea mgeni asiyejua lolote, aliye tayari kulipa mia tano, akamsihi bibi asitaje boriti. Bi Lubaba alimwambia mgeni kila kitu, na bei yake ya sasa. Mgeni akaondoka, na Shabibu hakurudi tena.

Miezi minne ilipita hivyo.

Ikawa siku moja asubuhi Bi Lubaba alisikia kwamba mke wa mchonga vitana ni mgonjwa. Alipika uji wa shayiri, akatia maziwa na asali, akatembea mpaka mtaa wa watengeneza ngozi akiwa ameziba pua kwa ukaya wake. Wanawake wale wawili hawakuwahi kuonana. Umaima alijaribu kuinuka ampokee, bibi akamzuia, akakaa chini kando yake na kumnywesha uji kijiko baada ya kijiko. Zuhairi alikuwa pembeni na kazi yake mkononi.

Mazungumzo yao yalikuwa ya kawaida: watoto, bei ya ngano, mto. Lakini mtu mwenye jambo moyoni hulizunguka mwisho akalifikia, na Bi Lubaba akasema kwamba nyumba imemshinda. Mwezi wote uliopita hakuja mtu wa kuitazama, ila mfanyabiashara mmoja wa mbao kutoka Basra, ambaye hakutaka nyumba kabisa. Alitaka boriti tu. Alikuwa tayari kutoa mia tatu na hamsini, na bibi alimrudisha, kwa kuwa nyumba isiyo na paa si nyumba.

Umaima alisukuma kijiko kando.

"Mama, siku ile mlipoafikiana mia nne na themanini, wewe ulidhani unauza nyumba yenye paa la nini?"

"La mtende, mwanangu. Ndivyo nilivyodhani miaka yote."

"Na nyumba ya paa la mtende, mahali pale, ile bei ilikuwa ya haki au ya dhuluma?"

Bi Lubaba alifikiri. "Ilikuwa ya haki. Nyumba ya jirani, yenye paa la mtende, iliuzwa hivyo hivyo."

"Basi mpe yule mtu wa Basra boriti zake," akasema Umaima, "na sisi tuuzie nyumba ya paa la mtende."

Kisha kikohozi kikamshika, na ilibidi wangoje kiishe. Zuhairi alikuwa ameacha kuchonga. Alikuwa amekaa miezi minne akilifikiria jambo lile kwa kila upande, na kwa kila upande aliona nyumba na boriti ni kitu kimoja. Bi Lubaba alimtazama Zuhairi, akamtazama mgonjwa, akaanza kuhesabu kwa vidole chini ya ukaya. Magogo saba ya mtende, mikeka, udongo na ujira wa waashi havikuzidi dirhamu arobaini. Akasema gharama hiyo itatoka katika bei ya boriti, kwani anayeuza nyumba ni juu yake kuiuza imefunikwa. Zuhairi akasema kazi ya mbao ataifanya yeye bure. Bibi alikubali, ila akataka jambo lote lipelekwe kwa kadhi kwanza, kwa sababu ya mayatima.

Kadhi alisikiliza pande zote. Aliwatuma watu wawili waaminifu wakaitazama nyumba na kuikadiria bei bila kuambiwa mapatano. Mmoja alisema, kwa paa la mtende, mia nne na sabini; mwingine alisema mia nne na tisini. Kadhi akaidhinisha; mfanyabiashara wa Basra akalipa na kuzichukua boriti zake, na paa la mtende likawekwa. Wakati wa kuandika hati, Zuhairi aliomba iandikwe waziwazi kwamba boriti za msaji zimetolewa na si katika mauzo, asije mtu siku za mbele akadhani mayatima walipunjwa. Sheikh Ayashi alikuwa mmoja wa mashahidi. Inasemekana kwamba Bi Lubaba, kabla ya kutia alama yake, alimwomba Zuhairi amwambie mbele ya watu kama paa jipya ni zima. Zuhairi akajibu kwa sauti ya kusikika na kila mtu kwamba ni zima, na kwamba gogo la tatu kutoka mlangoni lina ufa mdogo alioufunga yeye mwenyewe kwa kamba.

Bi Lubaba na wajukuu zake waliondoka na msafara uliofuata, wakiwa na fedha nyingi kuliko walizotazamia kuzipata. Zuhairi na Umaima walihamia uchochoroni mwanzo wa majira ya kuchipua. Waliosimulia kisa hiki hawakusema kwamba Umaima alipona kabisa. Walisema kikohozi kilipungua, akaweza kulala bila ya kuegemea ukuta, na kwamba aliishi katika nyumba ile miaka kumi na minane, Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na mumewe.

Enyi ndugu, wengi wetu tunaposema kweli hutega sikio mlangoni kusikia kama malipo yamefika. Yakichelewa siku mbili, tunaanza kujuta. Zuhairi alimwambia Bi Lubaba kweli wakati haikuwa na faida yoyote machoni pake, akalea mgonjwa wake baridi nzima bila kuona mlango wowote ukifunguka. Na lau lile wazo lisingemjia mkewe, na wakabaki katika chumba kile hadi mauti, ukweli wake usingepungua hata chembe. Kwa hiyo ukienda kununua au kuuza, hifadhi ulimi wako, na uhifadhi kichwa chako pia, kwani nacho husema, na kutikisika kwake kunaandikwa. Mola wetu atufanye miongoni mwa wale ambao haki za watu zinasalimika mikononi mwao, wakitazamwa na wasipotazamwa.